Farasi 650 juu ya mgongo wa 1970

Haya jamani, leo hatuzungumzii programu. Au tuseme programu itaingia kidogo tu, mistari kama ishirini hivi, na yote yaliyobaki ni chuma. Wale mnaonisoma kwa ajili ya hifadhidata na Python, vumilieni hadi wiki ijayo.

Ugomvi wangu ni na watu wanaochukua pikapu ya Chevrolet C10, ile ya miaka ya 1967 hadi 1972, wanaishusha mpaka tumbo linakaribia kulamba lami, wanaipachika injini ya farasi 500 au 600 au zaidi, kisha wanasimama kando yake wakitangaza idadi ya farasi. Muulize mwenyewe chasisi imefanyiwa nini. Atakupigia bodi kofi mbili na kukujibu: "Chuma cha zamani hicho, kaka! Siku hizo walijua kutengeneza gari."

Hapo ndipo ninapochoka kabisa.

Kwa asiyeijua, C10 ni pikapu ya Marekani ya uzito mdogo, iliyotengenezewa mkulima na fundi wa nyumba. Ina mihimili miwili mirefu ya chuma kutoka mbele hadi nyuma, na boriti za kukingama zinazoiunganisha kama vipago vya ngazi, nyingi zikishikwa kwa ribiti. Kila mhimili si bomba wala boksi. Ni bamba lililokunjwa kwa umbo la herufi C, upande mmoja wazi. Injini ya kawaida ya bei nafuu ilikuwa ya silinda sita, inchi za ujazo 250, na katika 1967 ilitangazwa kuwa na farasi 155. Tena hao 155 walipimwa kwa mtindo wa zamani, injini ikiwa peke yake kwenye stendi bila mizigo yake ya kawaida. Kuanzia 1972 makampuni ya Marekani yalihamia kipimo cha injini iliyovaa vitu vyake vyote, na tarakimu zikashuka ghafla bila injini yenyewe kubadilika. (Anayelinganisha farasi wa 1970 na farasi wa leo bila kusema hivyo anauza mbuzi kwenye gunia.)

Huku kwetu hutaiona barabarani. Sheria ya usukani wa kulia na ile ya magari yasiyozidi miaka 8 zimeifungia mlango, kwa hiyo wengi wetu tunaijua kwa video. Lakini tabia ninayoilaumu haina pasipoti. Nimeiona kwa Datsun na Peugeot za hapa hapa, ila kwa C10 inaonekana vizuri zaidi kwa sababu huko nguvu imekuwa rahisi kupita kiasi.

Rahisi kiasi gani? Familia ya injini za LS ya General Motors ilianza na Corvette ya 1997. Kufikia 1999 toleo la chuma la lita 5.3 lilikuwa ndani ya Silverado likiwa na farasi 270, na magari hayo yaliuzwa kwa wingi, kwa hiyo leo injini hizo zimejaa kwenye viwanja vya magari yaliyoharibika. Ongeza tabo na kompyuta iliyopangwa vizuri, farasi 500 si muujiza tena. Mwenye pesa haendi hata huko. Anaagiza LT4 mpya ikiwa kwenye kreti, lita 6.2 yenye supachaja, ile ile ya Corvette Z06 ya 2015, farasi 650 na Nm 881. Inafika, inafungwa, inanguruma.

Sasa fanya hesabu kidogo. Chukua hizo Nm 881, pitisha kwenye giaboksi ya 4L80-E ambayo gia yake ya kwanza ni 2.48, unapata karibu Nm 2,185 kwenye shafti ya propela. Pitisha kwenye difu ya 3.73, ni zaidi ya Nm 8,100 kwenye ekseli ya nyuma. Tairi za kawaida zitateleza kabla ya kufika huko, na ndiyo maana mwenyewe hununua tairi zinazong'ang'ania zaidi. Akishazinunua, kile ambacho tairi ilikuwa ikikitupa kama moshi kinabaki ndani ya gari. Kinaenda wapi? Zile Nm 2,185 za propela zina mwenzake: injini na giaboksi zinajaribu kuzunguka upande wa pili, na kilichozishika ni chasisi. Mbele inasokotwa huku, ekseli nyuma inasukuma kule. Ni kukamua nguo.

Sisemi chasisi itavunjika. Huyo wa "chuma cha zamani" hupenda kunisukumia hoja hiyo ili aicheke, anionyeshe gari lililodumu miaka 50 bila kuvunjika. Ninachosema ni kwamba haitakaa mahali pamoja. Pembe za magurudumu ulizolipia zipimwe kwa mashine ya leza zilipimwa gari likiwa limesimama kimya sakafuni. Ukikanyaga mafuta katikati ya kona, sehemu zilikofungwa saspensheni zinasogea, na vipimo vyako vimebaki karakana. Springi na shokomzoba hufanya kazi yake kama kilichozishika kimetulia. Kama chasisi nayo ni springi, tena springi isiyo na shokomzoba, basi unarekebisha kitu kimoja ukisahau kwamba kingine kinacheza. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Mtu ananunua prosesa ya bei mbaya, kumbe programu inangojea diski.

Nikaandika ile mistari ishirini. Nilichukua mhimili wa mfano (si vipimo vya C10 yenyewe, ni mfano tu): kimo milimita 150, midomo miwili ya milimita 60 kila mmoja, unene 4. Kwa umbo la C lililo wazi, kipimo cha ukinzani wa msokoto kinatoka kwa kujumlisha urefu wa pande zote na kuzidisha kwa unene uliopigwa mara tatu, kisha kugawa kwa 3. Inatoka 5,760. Halafu nikaziba upande wa wazi kwa bamba la unene ule ule, mhimili ukawa boksi. Hesabu inabadilika kabisa, sasa kinachotawala ni eneo lililozingirwa. Inatoka zaidi ya 3,000,000. Mara 500 na ushei! Nilidhani nimekosea nikarudia kwa karatasi na kalamu. Ni sahihi, iko kwenye kitabu chochote cha uhandisi.

Kabla hujakimbilia mashine ya kuchomelea: hiyo mara 500 ni ya mhimili mmoja ukisokotwa peke yake. Chasisi nzima haiongezeki hivyo, kwa sababu boriti za kukingama na viungo vyake pia vina neno. Na kwa kupinda, yaani mzigo unaoshuka wima, bamba lile lile linaongeza takriban asilimia 30 tu. Ndiyo sababu gari lile lilibeba viazi na mbao miaka hamsini bila shida. Kwa kupinda halikuwa dhaifu. Waliolichora waliacha upande mmoja wazi kwa makusudi, kwa sababu ni nafuu kutengeneza, na kwa sababu kwenye barabara za shambani chasisi inayosokoteka kidogo husaidia magurudumu yote manne yabaki chini. Chuma hicho kilijua kazi yake, na kazi hiyo haikuwa farasi 650.

Kwa hiyo ziba mhimili, angalau kutoka kwenye injini hadi nyuma ya ekseli, weka boriti imara ya kushika giaboksi, na ukiweza weka viungo vya umbo la X katikati. Ribiti zilizolegea zitolewe, matundu yasafishwe, bolti ngumu zinazoingia kwa kubana zichukue nafasi. Fundi asiburute mstari mmoja mrefu wa kuchomelea kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa maana joto litaivuta chasisi ipinde kama ndizi. Ifungwe kwanza kwenye meza iliyonyooka, ichomelewe vipande vifupi kwa kuhamahama upande huu na ule. Na ncha za bamba la kuongeza nguvu zichongwe kwa mshazari. Bamba linaloishia kwa mstari wima uliokatiza mhimili linaanzisha ufa pale pale linapoishia.

Lakini kuna mahali ambapo kuongeza nguvu ni ujinga, na hapa nawageukia wale wenye bidii ya kupita kiasi. C10 hizi, kinyume na pikapu nyingi za wakati wake, kwa kawaida zilikuja na springi za koili nyuma badala ya vyuma bapa vilivyopangwa. Ekseli inashikwa na mikono miwili mirefu inayokuja mbele ikikaribiana hadi kwenye boriti iliyo katikati ya gari, na fimbo ya Panhard inazuia ekseli isiende kando. Ni mpango mzuri ajabu. Magari ya ngazi ya juu ya NASCAR yalitumia mpango wa aina hiyo kwa miongo mingi, hadi gari jipya la 2022 lilipoleta saspensheni huru nyuma.

Siri yake iko kwenye mikono yenyewe. Kila mmoja ni herufi C mbili zilizogeuziana migongo, na kwa nyuma umebanwa moja kwa moja kwenye ekseli. Gari likilala upande kwenye kona, kila mkono lazima usokoteke kidogo. Hakuna kiungo kingine cha kuachia. Basi anakuja jamaa aliyesikia kwamba boksi ni nguvu, anaiziba na hiyo mikono. Umeua saspensheni, ndugu. Sasa mikono haisokoteki, ekseli imekuwa fimbo moja kubwa ya kuzuia mlalo, nyuma inakuwa kavu, na kwenye kona yenye unyevu itakuaga bila kubisha hodi. Hesabu ile ile ya mara 500 iliyokuokoa kwenye mhimili ndiyo inayokuangamiza hapa. Chasisi iwe ngumu, mikono iachwe isokoteke.

Tuje kwenye kushusha. Nakubali C10 iliyoshushwa ni nzuri kutazama, tena ikiwa ile fupi yenye inchi 115 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Na kushusha kuna faida ya kweli: kitovu cha uzito kinashuka, mzigo unahama kidogo kwenye kona. Ila faida hiyo haiji kwa kupunguza urefu tu. Anayekata koili mbili kwa msumeno anadhani ameshusha gari. Koili yenye mizunguko 10 inayofanya kazi ukiikata ibaki 8 inakuwa ngumu kwa asilimia 25, hilo halijakaa vibaya sana. Kibaya ni kwamba mikono ya mbele sasa imeinuka kwa pembe ambayo haikukusudiwa, na ile nukta ambayo gari hulala kwayo kwenye kona imeshuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Matokeo? Gari lililo chini zaidi linaweza kutaka kulala zaidi. Na fimbo za usukani nazo hazitembei tena sambamba na mikono, kwa hiyo kila tuta linakugeuzia magurudumu bila wewe kugusa usukani.

Wale wa kuchoma springi kwa moto wa gesi hadi zilegee sitawajibu. Springi ni chuma kilichotiwa ugumu kwa joto maalumu, na ukikipasha ovyo umekitoa uhai.

Njia ya maana ni kubadilisha spindeli, kile chuma kinachobeba haba na gurudumu. Ya kushushia ina mhimili wa gurudumu uliohamishwa juu, mara nyingi inchi 2.5, kwa hiyo gari linashuka huku mikono ikibaki pale pale ilipokuwa. Ni ghali kuliko msumeno, najua. Ukishuka zaidi ya hapo, badilisha mikono na boriti ya mbele pia kwa mpango uliochorwa kwa kimo hicho.

Nyuma kuna mtego wa aina nyingine. Ukiweka koili fupi, mikono inainuka, na kwa kuwa imebana ekseli, ekseli nzima inazunguka kidogo pamoja nayo. Pembe ya pinioni imebadilika, shafti ya propela inaanza kutetemeka, viungo vyake vinakwisha. Papo hapo fimbo fupi ya Panhard imebadilisha pembe na kuivuta ekseli upande mmoja. Ukisimama nyuma ya gari unaona tairi moja imejificha na nyingine imechungulia. Yote yana dawa. Kuna kabari za kuweka kati ya mkono na ekseli, kuna fimbo ndefu ya Panhard inayorekebishika. Uchungu wangu ni kwamba watu huzinunua baada ya mwaka mzima wa kubadilisha viungo vya propela, wakilaumu aliyeviuza.

Halafu ekseli yenyewe inakosa nafasi, kwa kuwa juu yake kuna mhimili wa chasisi. Kila shimo dogo linaigonga. Dawa inayojulikana ni kukata pengo la nusu duara kwenye mhimili, juu ya ekseli. Sawa, lakini fikiria umefanya nini. Umepunguza kimo cha mhimili mahali penye uzito. Kwa bamba wima la kawaida, ukikata nusu ya kimo, uwezo wa kuhimili kupinda unabaki robo, na ugumu wake unabaki sehemu moja ya nane. Pengo bila kiraka kinachopita juu yake na kuendelea mbele na nyuma yake, chenye mdomo na kilichozibwa, ni kisu ulichokichoma mgongoni mwa gari lako. Nimeona picha za mapengo yaliyokatwa, yakapakwa rangi nyeusi inayong'aa, basi. Rangi nzuri kweli :-)

Na asiyekata? Huyo anaendesha gari lililokalia mipira yake ya kuzuia kugonga. Kwenye kona, nyuma inashuka sentimita mbili, inafika mwisho, na springi iliyokuwa laini inageuka kuwa jiwe papo hapo. Tairi ya nje inabeba kila kitu kwa mpigo. Hapo ndipo unapoona pikapu nzuri ya maonyesho ikizunguka kama pia mbele ya watu wenye kamera, kwa mwendo ambao hata basi la shule lingepita salama.

Watu, nimesema. Hoja ninayoletewa mara nyingi ni kwamba "ni gari langu, naliendesha Jumapili tu". Jumapili barabara haiko tupu. Pikapu isiyo na mzigo ina zaidi ya nusu ya uzito wake mbele, nyuma ni nyepesi, na umeipa nyuma hiyo farasi 650. C10 za kabla ya 1971 zilitoka kiwandani na breki za dramu magurudumu yote. Diski za mbele zilikuwa kawaida kuanzia mwaka huo. Ukienda mara mbili ya mwendo, breki zinabeba nishati mara nne. Na tangi la petroli la miaka hiyo yote, hadi 1972, liko ndani ya kebini, nyuma ya kiti. Umekalia injini ya karne ya 21 huku lita kadhaa za petroli zikiegemea mgongo wako! Hilo tangi lihamishwe chini, nyuma, kati ya mihimili, kabla hata hujafikiria supachaja. Hakuna anayepiga picha ya tangi. Hakuna anayeuliza kwenye maonyesho breki zako ni za mwaka gani. Wanauliza farasi wangapi.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, na inatoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema: ukishaziba mihimili, ukabadilisha mbele, ukakata nyuma, ukaweka ekseli ya inchi 9 ya Ford, umetumia pesa na miezi mingi hivi kwamba ni heri ununue chasisi mpya nzima iliyotengenezewa kazi hiyo na uweke bodi ya zamani juu. Kwa farasi 650 nakubaliana nao karibu kabisa. Kilichotengenezwa kikiwa kimoja, juu ya meza ya kupimia, kitashinda viraka vyangu. Lakini kwa farasi 350 au 400, ambazo kwa gari la aina hii ni nyingi kuliko utakavyowahi kutumia kihalali, chasisi ya asili iliyozibwa vizuri inatosha, na bado utakuwa na C10 badala ya bodi ya C10 iliyopanda gari la mtu mwingine. Shida ni kwamba jamaa wetu hachagui lolote kati ya hayo mawili. Pesa zote zimeishia kwenye injini, na chasisi inangojea "awamu ya pili" ambayo kila mwandishi wa programu anajua haiji.

Kama unayo gari hili, au pikapu yoyote ya zamani yenye mihimili ya C, fanya jaribio hili Jumamosi. Simamisha gari mahali tambarare, zuia magurudumu ya nyuma. Pima kwa rula pengo kati ya kebini na sanduku la mizigo, juu, kushoto na kulia, uandike. Fungua na kufunga milango yote miwili usikie inavyoingia. Sasa weka jeki chini ya ncha ya mbele ya mhimili mmoja tu, uinue polepole hadi gurudumu la upande huo liache ardhi. Usiingie chini. Tazama kama gurudumu la upande wa pili limeanza kupunguziwa mzigo au bado limekaa pale pale kama kwamba halijasikia kitu. Pima mapengo tena. Jaribu milango tena.

Mlango ukikataa kufunga, piga simu kwa aliyekuuzia injini umwambie aibakize kwenye kreti kwanza.